AC ya kempa haipozi? Gesi iwe ya mwisho

Magari ya kambi (kempa), kama yale yanayoegeshwa fukwe za Kigamboni, mara nyingi huwa na AC ya juu ya paa. Joto la Januari likikolea na AC ikaanza kupuliza vuguvugu, ushauri wa kwanza utakaoupata ni "jaza gesi". Usikubali haraka. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Tena mfumo wa gesi wa AC hizi kwa kawaida huzibwa kabisa kiwandani, mingi haina hata valvu ya kujazia.

1. Pima kwanza. Weka ubaridi na feni mwisho, ngoja kama dakika 20. Pima joto kwenye tundu linalotoa hewa, kisha kwenye grili inayoivuta. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi, AC ni nzima: hamisha gari kivulini, funika vioo. Kwa unyevu wa Dar, 8 si haba, kwani sehemu ya nguvu inaishia kukausha hewa.

2. Umeme. Hapa ndipo ugonjwa unapojificha sana. Mtu anavuta umeme kwa ekstensheni ndefu, nyembamba, na nusu yake bado imeviringishwa. Pima volti kwenye soketi ya ndani ya gari kompresa (pampu inayosukuma gesi) ikiwa inafanya kazi, maana bila mzigo zitaonekana nzuri tu. AC ya volti 230 ikipata chini ya 200, kompresa inahangaika, inachemka, inajikata. Tafuta waya mnene, walau milimita 2.5 za mraba, mfupi iwezekanavyo, na uukunjue wote.

3. Filta. Osha kwa sabuni, kausha, rudisha.

4. Chungulia nyuma ya grili. Kuna kizuizi kinachotenga hewa baridi na hewa inayorudi. Tepu yake ikibanduka, baridi inanyonywa tena kabla haijafika kitandani. Thamostati (kidhibiti joto) inadhani chumba kimepoa, inazima kompresa mapema. Wenye gari huishi na kasoro hii miaka. Ziba kwa tepu ya alumini, selotepu haitadumu.

5. Panda juu. Chomoa umeme, fungua kifuniko. Kondensa (sehemu inayotoa joto nje) ya gari la pwani hushika chumvi na vumbi: brashi laini, maji ya kawaida. Presha ya kuoshea magari italaza vibati vyake vyembamba, na hapo umeongeza tatizo. Kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya kusaidia mota kuwaka) iliyovimba ibadilishwe kwa yenye namba zilezile, lakini mwachie anayejua kuitoa chaji, kwani inapiga shoti hata umeme ukiwa umechomolewa.

Ukikuta barafu ndani, zima kompresa, acha feni iiyeyushe. Ikiganda tena ilhali filta ni safi na feni inavuma vizuri, sasa ndiyo ushuku gesi. Mwite fundi friji atafute panapovuja, azibe, avute vakyumu (anyonye hewa yote iliyomo kwa pampu), kisha ajaze kwa mizani kulingana na kibandiko cha mashine. Akija na mtungi wa gesi tu, mlipe nauli arudi.