Iandae simu yako kabla hujahamia Guangzhou

Anayehamia Guangzhou kusoma au kufuata biashara huulizia nauli, viza na fedha za kubeba. Simu huachwa mwisho, aghalabu usiku wa kufunga mabegi. Kwangu mimi simu ndiyo ya kutangulia. China karibu kila kitu cha mjini hulipwa kwa simu, kuanzia nauli ya treni hadi bakuli la tambi, na kuna mambo ambayo ukiyafanya ukiwa Dar es Salaam au Nairobi yanakuchukua dakika chache, lakini ukishatua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, yanageuka kuwa mzigo.

Anza na kile kitakachozimika. Facebook imefungwa China tangu 2009, Gmail tangu 2014, WhatsApp tangu 2017. Google yote haifunguki, na Play Store pamoja nayo. YouTube, Instagram na Telegram vilevile. Kwa hiyo mwenye simu ya Android apakue kila programu anayoihitaji akiwa bado nyumbani. Wengi hutegemea VPN, programu za kupenya vizuizi vya mtandao. Sheria za China haziruhusu VPN zisizo na kibali cha serikali, na hizo zenyewe hukatika pale unapozihitaji zaidi, kwa hiyo simshauri mtu ajenge maisha ya miaka minne ya chuo juu yake.

Kuna njia nyingine isiyojulikana sana. Ukiwa China na laini ya nyumbani iliyofunguliwa huduma ya kutumika nje ya nchi, intaneti yako hupitia kwanza kwenye kampuni ya simu ya nyumbani, na WhatsApp hufunguka kama kawaida. Ni ghali kwa matumizi ya kila siku, ila kwa siku mbili tatu za mwanzo inakuokoa. Ifungue huduma hiyo kabla ya kuondoka na uweke salio la kutosha.

Laini hiyo usiitupe hata ukishapata ya China. Meseji za uthibitisho za benki yako huja kwenye namba hiyohiyo, na laini iliyolala muda mrefu hufungiwa. Simu ya laini mbili ndiyo ifaayo kwa safari hii.

Barua pepe nayo ina mtego wake. Kama akaunti yako ya chuo, ya benki na ya tiketi za ndege zote zinatumia Gmail, siku utakaposahau nywila, kiungo cha kuibadilisha kitakwenda mahali usipoweza kufungua. Fungua anwani ya Outlook, kisha hamishia akaunti muhimu huko moja baada ya nyingine. Namba za dharura za kuingilia kwenye akaunti zako ziandike kwenye karatasi.

Sasa WeChat. Hii ndiyo itakayobeba simu, meseji, kundi la darasa, mwenye nyumba, na wakala wa mizigo anayekusanyia kontena. Kuifungua upya mara nyingi hudai mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe kwa kuskani msimbo wa QR. Mtafute mtu huyo mapema. Mtaani Kariakoo hakosekani mfanyabiashara anayeitumia. Ukishaingia, msajili na mama yako. Mweke WeChat kwenye simu yake, mpigie ukiwa chumba cha pili, mwonyeshe kitufe cha kupokea. Usimwachie kazi hiyo mdogo wako ukiwa umeshaondoka, kwa sababu wiki ya kwanza ndiyo wazazi wanapohangaika zaidi na wewe ndipo unapokuwa na shughuli nyingi zaidi. Jambo jingine la kujua ni kwamba mazungumzo ya WeChat hufuatiliwa. Mijadala ya siasa isiwe humo.

WeChat hulipia pia, lakini kwa malipo naipenda Alipay, programu ya Kichina ya kulipia, kuliko hiyo, hasa kwa mgeni. Inakubali namba ya simu ya nje, ina Kiingereza kizuri, na unaweza kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya nyumbani. Fanya hivyo kabla ya safari, pamoja na kupiga picha pasi ya kusafiria kama inavyoelekeza. Halafu nenda benki uwaombe wafungue malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi kwenye kadi hiyo, na uulize kiwango cha mwisho cha matumizi kwa siku. Kadi nyingi hukataa kwa sababu hiyo tu, na ukiwa mbele ya muuzaji huwezi kujua kosa liko wapi. Unganisha kadi mbili za benki tofauti ukiweza.

Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hayana ada. Yakizidi hapo unakatwa 3%. Bili ya yuan 380 basi mwombe muuzaji aipokee mara mbili, wengi hukubali. Tangu Machi 2024 mgeni anaweza kulipa hadi dola 5,000 kwa mara moja na dola 50,000 kwa mwaka, kiasi kinachomtosha mwanafunzi, ingawa mnunuzi wa bidhaa za jumla atahitaji njia za benki.

Hapa pana jambo linalowakwamisha wengi: kadi ya nje kwa kawaida inalipa maduka na kampuni, haimtumii fedha mtu binafsi. Mwenye nyumba akitaka kodi kwenye WeChat yake, kadi yako huenda isifanye kazi. Kwa hilo utahitaji akaunti ya benki ya China, nayo itakutaka uwe na laini ya China, ambayo husajiliwa kwa pasi na picha ya uso. Mpaka mlolongo huo ukamilike, beba yuan taslimu za kutosha kodi na amana. Na jina lako liandikwe vilevile kote, kwenye laini, benki na WeChat, kwa mpangilio ule ule wa majina na nafasi zilizo kwenye pasi. Herufi moja ikipishana, benki na WeChat hazitatambuana.

Usafiri ni mwepesi kuliko unavyohofia. Ndani ya Alipay kuna sehemu ya usafiri. Unachagua Guangzhou, unapewa msimbo wa QR, na geti la metro linafunguka. Didi, ya kuita teksi, imo humohumo bila kupakua kitu kingine, na hutafsiri meseji kati yako na dereva. Ramani za Google hata zikifunguka hukupoteza, kwa kuwa China hutumia mfumo wake wa kupima mahali kwenye ramani, na alama yako inaweza kuangukia mtaa wa pili. Pakua Amap, programu ya ramani ya Kichina. Mwenye iPhone anaweza kubaki na ramani za Apple, kwani ndani ya China hutumia data za Amap. Anwani ya chuo, ya nyumba, na ya jengo unakokwenda kila mara huko Xiaobei au Sanyuanli, mitaa ya Guangzhou wanakofanyia biashara Waafrika wengi, ziwe kwa herufi za Kichina kwenye simu. Dereva hasomi herufi zetu.

Kwa lugha, Pleco ni kamusi nzuri sana ya Kichina na hufanya kazi bila intaneti, japo maelezo yake ni ya Kiingereza. Microsoft Translator inajua Kiswahili na Kichina. Ndani ya WeChat, bonyeza meseji kwa muda nayo itatafsiriwa.

Chakula huagizwa kwa Meituan. Mwislamu ayahifadhi kwenye simu maandishi ya qingzhen kwa Kichina, yaani chakula halali. Ukiyabandika kwenye sehemu ya kutafutia, yanakuletea migahawa ya tambi za Lanzhou iliyojaa kila kona ya mji. Weka na Msikiti wa Xianxian kwenye ramani, karibu na kaburi ambalo kwa mapokeo husemwa ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Kwa ununuzi wa rejareja kuna Taobao, na kwa jumla kuna 1688, ambako unapiga picha ya kiatu na kuonyeshwa wanaokiuza kwa bei ya kiwandani.

Tiketi za treni za mikoani hununuliwa kwenye programu ya 12306, yenye toleo la Kiingereza. Jisajili mapema maana pasi huhakikiwa kwanza. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na pasi yako ndiyo tiketi.

Haya yote yanategemea chaji. Pawabanki inunue yenye alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, kwa kuwa tangu tarehe 28 Juni 2025 isiyo na alama hiyo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China.

Mwisho, hifadhi ndani ya simu, si mtandaoni, picha za pasi, viza, barua ya chuo na mkataba wa nyumba. Ukipanga nyumba badala ya hoteli, unatakiwa ujiandikishe polisi ndani ya saa 24, na watataka karatasi hizo. Andika pia kwenye karatasi 110 ya polisi, 120 ya gari la wagonjwa, 119 ya zimamoto na namba ya ubalozi wa nchi yako, kisha weka nakala ya karatasi hiyo kwenye pochi, pamoja na anwani ya nyumba kwa Kichina.