Kumpiga Mbwa Mweusi Picha Nje

Mbwa mweusi huwashinda wengi. Picha inatoka, ulimi unaonekana, meno yanaonekana, macho hakuna. Napiga mbwa picha hapa Dar es Salaam, na kwangu kazi yote huanzia machoni.

1. Wahi mwanga. Huku kwetu jua halichelewi kuwa kali. Piga kati ya saa 12:45 na saa 2:00 asubuhi, au kuanzia saa 11:00 jioni. Jioni mchanga na lami bado vina joto, kwa hiyo gusa chini kwa mgongo wa kiganja. Ikikuunguza wewe, nyayo zake zinaungua pia.

2. Tafuta ukingo wa kivuli. Hapa usiwe na haraka. Mkalishe pembeni mwa kivuli cha ukuta au mwembe, uso ukielekea kwenye anga lililo wazi. Chuchumaa umtazame: ndani ya kila jicho uone kinuru cheupe. Hilo ni anga, na bila hilo jicho limekufa. Kama hakipo, mwenye mbwa amgeuze taratibu mpaka kitokee. Usimwingize ndani kabisa chini ya mti, maana mwanga unaopita kwenye majani huja na ukijani, na kwa mbwa mweupe utauona mara moja.

3. Mwache azoee. Muulize mwenye mbwa kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha weka kamera chini akunuse. Akilamba midomo mara kwa mara, akageuza uso au kulaza masikio nyuma, ana wasiwasi. Pumzikeni. Na mbwa usiyemjua, asiye na mwenyewe karibu, usimfuate kabisa.

4. Panga kamera. Lenzi ya mm 85 au zaidi, tundu la lenzi f/4, kasi ya kupiga 1/500 ya sekunde. Akianza kukimbia, 1/1000 au zaidi. Ukifungua lenzi hadi f/1.8, jicho litatoka safi na pua itafifia, kwa kuwa mdomo wa mbwa ni mrefu. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Manyoya meusi yakijaa kwenye picha, kamera hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga mpaka weusi unakuwa kijivu. Punguza mwanga hadi -0.7 kwenye alama ya +/- ya kamera. Kwa mbwa mweupe, ongeza. Kwa simu, gusa jicho kwenye skrini kisha shusha alama ya jua.

5. Lala chini. Tandika kanga kuukuu, lala kifudifudi, lenzi iwe usawa wa macho yake. Ukipiga umesimama unapata kichwa kikubwa na miguu mifupi.

6. Dagaa. Mimi hubeba dagaa wakavu wasio na chumvi kwenye mfuko wa karatasi. Kidole kikiwa tayari, kwaruza mfuko mara moja tu. Masikio yanasimama, mdomo unafumba, kichwa kinainama upande. Una sekunde mbili hivi: piga mfululizo, kisha mpe dagaa wake papo hapo. Ukimnyima, safari ya pili hatageuka.