Unaenda oparesheni na hutaki kurudi ukute kiti chako kina mtu? Fanya hivi

Mwaka niliokatwa henia nilikuwa natunza stoo kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Kigoma, duka lenyewe silitaji maana mwenye nalo bado tunasalimiana sokoni Mwanga. Daktari alinipangia Jumatatu, mimi Ijumaa jioni nikamfata bosi pale mlangoni anafunga kufuli nikamwambia "mzee, wiki ijayo nakatwa henia", akajibu "pole, Mungu atasaidia, nenda". Basi nikaenda. Wiki sita baadae narudi nakuta dogo amekalia kiti changu, ana daftari langu la stoo na kalamu yangu kaweka sikioni, na bosi anasema eti alijua nimeacha kazi kwa sababu sikuaga!

Kilichoniokoa ni meseji moja tu. Siku natoka tieta, yani chumba cha upasuaji, mke wangu alimuandikia "shikamoo mzee, ametoka salama ila daktari kasema apumzike wiki sita", na yeye akajibu "marhaba, alhamdulillah, apumzike". Nilipomuonyesha ile simu akaangalia pembeni, kesho yake dogo akahamishiwa kaunta. Ila mshahara wa mwezi wa pili wa kuumwa ulikatwa wote na mimi sikudai kwa kutojua. Kwahiyo haya naandika nimejifunza kwa maumivu, ya kidonda na ya mfukoni.

Kwanza ujue uko upande gani. Kama umeajiriwa na mtu binafsi, kampuni, shule ya binafsi, gesti, godauni la tumbaku kule Urambo au hata unafanya kazi za ndani, unaangukia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mtumishi wa serikali ana taratibu zake za utumishi wa umma, huyo aende kwa afisa utumishi wake. Na kama unabeba mizigo bandarini unalipwa kwa gunia na huna mwajiri wa kumuita mwajiri, hapo sitakudanganya, likizo ya kulipwa utaisikia tu.

Jingine ni miezi sita. Chini ya miezi sita kazini kwa ujumla huna haki ya likizo ya kulipwa na hata ulinzi wa kuachishwa kazi isivyo halali unakuwa haujakufikia, kwahiyo kama una miezi minne na oparesheni sio ya dharura, muulize daktari kama inaweza kusubiri mpaka upite hapo. Kama ni kidole tumbo kimevimba usisubiri chochote, kazi itatafutwa nyingine. Ila watu wa msimu msikilize hapa, mana Tabora mko wengi: mfanyakazi wa msimu anatajwa kwenye sheria hiyohiyo kwamba ana haki ya likizo ya kulipwa, na aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule, vipande vikijumlishwa vikavuka miezi sita, naye anayo. Usikubali jibu la "wewe ni wa msimu tu".

Sasa siku zenyewe. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofata unalipwa nusu. Tuseme unapokea 300,000 na daktari kakupa wiki sita, hizo ni siku 42, maana yake zote zinaangukia kwenye mshahara kamili na bado unabaki na 21 za kamili mpaka mzunguko uishe. Wiki ya kumi ndio unaanza kula nusu, yani kwa mwezi 150,000. Mimi nilikatwa mshahara mzima kwenye wiki ya tano na ya sita, hebu fikiria!

Na usiruhusu wakwambie "tumia likizo yako ya mwaka". Ile ya mwaka ya siku 28 ni kitu kingine na hii ya ugonjwa ni kingine, kila moja ina kifungu chake na hesabu yake. Wengi wanakubali kwa sababu bosi anaongea kwa upole, afu Desemba anataka kwenda kwao Kasulu anaambiwa siku zako zimeisha. Akina mama wa kujifungua kwa oparesheni nyie mna likizo ya uzazi, siku 84, au 100 kwa mapacha, na wenyewe msichanganyiwe na hii.

Pesa hiyo ina sharti moja: cheti cha daktari. Usipokileta mwajiri halazimiki kulipa, na hapo yuko sahihi. Kwahiyo siku daktari wa hospitali ya Maweni au Kitete au Kabanga anapokupangia tarehe, usitoke na karatasi ya vipimo peke yake, muombe aandike kwamba unahitaji upasuaji, tarehe, na makadirio ya siku za kupumzika, iwe na mhuri unaosomeka (ile mihuri imekauka wino ni tatizo, mwambie nesi akugongee tena, usione aibu). Ukipewa rufaa ya hospitali ya Bugando ndio uwe makini zaidi, kwa sababu unaweza kusafiri mpaka Mwanza ukakaa siku nane unasubiri kitanda, na izo siku nane kama hazijaandikwa popote kazini wewe ni mtoro. Kopi ya barua ya rufaa iache ofisini kabla hujapanda basi.

Neno mtoro silitumii kwa utani. Kwenye Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, kutoonekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika ni kosa linaloweza kumtoa mtu kazini. Mwajiri mjanja hatasema nakufukuza kwa sababu unaumwa, atasema hukuonekana. Ndio mana nasema andika.

Barua isiwe ndefu. Hii inatosha:

"Yah: Likizo ya ugonjwa kwa ajili ya upasuaji. Natoa taarifa kwamba nimepangiwa upasuaji tarehe (weka) katika hospitali ya (weka). Kwa maelekezo ya daktari nitahitaji mapumziko ya siku (weka) kuanzia tarehe (weka). Naomba likizo ya ugonjwa kwa kipindi hicho. Nimeambatanisha cheti cha daktari. Nitatoa taarifa mapema kama kutakuwa na mabadiliko."

Jina, saini, tarehe, basi. Sio lazima ueleze ni uvimbe wa kizazi au tezi dume, hayo ya ndani mweleze bosi ukipenda, barua inapita mikononi mwa watu wengi na ofisi zetu tunazijua. Toa kopi mbili, moja waichukue moja wakusainie na kuandika tarehe ya kupokea. Kama kuna kitabu cha dispachi, kile cha kusainia barua zinazopokelewa, isainiwe humo na ukipige picha. Bosi akisema "ah, mambo ya barua ya nini, sisi ni ndugu", mwambie kwa heshima "sawa mzee, ni kwa ajili ya faili tu", afu siku hiyohiyo piga picha ile barua mtumie WhatsApp na maneno "shikamoo mzee, nimekuletea barua ya likizo ya ugonjwa leo saa nne". Akijibu hata kidole gumba tayari unacho cha kuonyesha.

Hapa pa makabidhiano watu wengi hawapagusi na ndipo kazi nyingi zinapofia. Kama unashika stoo, fedha, funguo au mashine, usiondoke bila kuhesabu. Ukae na atakayekushikia mhesabu pamoja: bati geji 30 ngapi, saruji mifuko mingapi, misumari kilo ngapi, pesa ya droo shilingi ngapi, muandike, msaini wote wawili na shahidi. Ukiondoka hivihivi, wiki ya tatu uko nyumbani umejifunga shuka, unapigiwa simu mifuko kumi na mbili ya saruji haionekani na wewe ndiye uliyekuwa na funguo. Hapo habari ya ugonjwa imekwisha, inaanza habari ya wizi. Nusu siku ya kuhesabu ni ndogo sana ukilinganisha na hilo.

Ukiwa wodini teua mtu mmoja wa kuwasiliana na kazini, mke, kaka, mtoto mkubwa, awe ndiye huyohuyo na aandike meseji badala ya kupiga tu. Siku ya kuruhusiwa tuma picha ya karatasi ya kutoka na ya ED, ile ya daktari ya kukupumzisha kazi. Kidonda kikigoma kufunga, au kimetunga usaha, rudi kliniki upewe ED nyingine kabla ya ile ya kwanza kuisha, usingoje imalizike afu siku tatu mbele ndio unatuma.

Na usisaini kitu ukiwa kitandani. Nasema tena, usisaini. Anakuja mtu wa ofisini na machungwa na karatasi, anasema ni ya kukusaidia upate mafao haraka, kumbe ni barua ya kuacha kazi kwa hiari. Mwambie iache nitaisoma na familia. Ukishaandika mwenyewe kwamba umeacha, hiyo kesi unaianza ukiwa umeshafungwa goli.

Je, mwajiri anaweza kukuondoa kwa ugonjwa? Anaweza, ila sio kwa kuamka asubuhi. Sheria inamtaka awe na sababu halali na afate utaratibu, na mzigo wa kuthibitisha hayo ni wake. Kwenye ugonjwa anatakiwa aangalie ukubwa wake, ni wa muda au wa kudumu, utakosekana kwa muda gani, kazi yenyewe ikoje, anaweza kuweka mtu wa muda akushikie? Anaweza kukupa kazi nyepesi? Akuite mzungumze, na una haki ya kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzako wa kazini. Henia ya wiki sita kwa mtunza stoo, sioni sababu ya kumfukuza inatokea wapi hapo.

Ikitokea wamekuachisha, omba barua yenye sababu, halafu hesabu siku 30 kuanzia tarehe ya kuachishwa. Ndani ya hizo siku uwe umeshafika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukajaza fomu namba 1, nakala moja umpelekee mwajiri na ubaki na ushahidi kwamba kaipokea. Huhitaji wakili kwa hatua hiyo. Mnaanza na usuluhishi, mkishindwana ndio mnaenda kwenye uamuzi. Kama hujafukuzwa ila umekatwa mshahara kama mimi, muda wa kupeleka ni siku 60. Ukichelewa kwa kuwa ulikuwa umelazwa, kuna fomu namba 2 ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na hapo zile karatasi za hospitali ndizo zitakusemea, ila usitegee, maombi hayo yanakataliwa pia. Wengi wanapoteza haki hapa kwa kusubiri "bosi atulie", bosi anatulia siku ya 31.

Siku ya kurudi nenda na karatasi ya daktari inayosema uko tayari na usifanye nini, mfano "asinyanyue vitu vizito kwa mwezi mmoja". Ipeleke palepale kwenye dispachi, isainiwe. Mimi sikuwa nayo, siku ya pili tu lori la saruji likaingia na bosi akaniangalia kama ananisubiri. Nikamwambia mzee, mimi leo nitahesabu tu. Akanuna, akamuita dogo.