Kabla Hujapunguza Pombe kwa Sababu ya Sukari, Soma Haya Kwanza

Umetoka hospitali, umeambiwa una ugonjwa wa sukari, na daktari amekupa amri nne: punguza wanga, punguza pombe, tembea, meza dawa. Amezisema kwa dakika mbili kwa sababu foleni imefika mlangoni. Mimi niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2019. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikarudi dukani Kirinyaga Road, Nairobi, kuuza filta na plagi za magari kama mtu aliyeambiwa ana mafua. Mimi si daktari na sitajifanya daktari. Lakini kuna mambo yanayofaa kupangwa kabla hujaanza kubadilisha maisha, na moja kati yao nusura linizike.

Jua namba zako. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 (kwa mashine inayosoma mmol/L) au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikasema vivyo hivyo, hiyo ni kisukari. Kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, mpaka wake ni asilimia 6.5. "Iko juu kidogo" si namba. Andika kwenye daftari, na tarehe.

Nunua mashine ya kupimia, lakini kabla hujailipia uliza bei ya stripi zake, vile vijiti bapa vya kutilia tone la damu. Mashine hununuliwa mara moja. Stripi ndizo zitakula pesa zako kila mwezi, na za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Hakikisha pia umejisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hujazidiwa, kwa sababu usajili wa kufanyiwa dirishani huku umeshika tumbo haufai kwa mtu yeyote.

Kisha hesabu pombe yako. Usimhesabie daktari, jihesabie mwenyewe, wiki mbili, kwa kalamu. Sote tuna ile "moja mbili tu" ambayo ikiandikwa inageuka kreti. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 4.2 ina karibu gramu 17 za pombe tupu, na kila gramu ina kalori 7. Hizo ni kalori zaidi ya 110 kabla hujahesabu kimea chenyewe. Ukishusha tano, umekula sahani nzima ya chakula bila kutafuna. Na wewe wa mzinga, usijipongeze kwamba hunywi bia: mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 40 una pombe inayokaribia chupa 14 za hizo bia. Gawanya kwa watu mliokaa mezani, halafu niambie.

Hapa kuna onyo ambalo wengi hulikosa. Ikiwa unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usiache ghafla kwa hasira ya kuambiwa una sukari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, mara nyingi katika siku tatu za kwanza, na kuna watu hufa hivyo. Baya zaidi, kutetemeka na kutoka jasho kwa kukosa pombe kunafanana na kutetemeka na kutoka jasho kwa sukari iliyoshuka, kwa hiyo hata wewe mwenyewe hutajua ni lipi. Mwambie daktari ukweli akupangie namna ya kushuka. Ukiona aibu kumwambia ana kwa ana, NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192.

Jua dawa yako kwa jina. "Ile nyeupe kubwa" haitoshi. Nyeupe kubwa yaweza kuwa metformin, ambayo peke yake ni nadra kuangusha sukari, ingawa ukiichanganya na ulevi mzito inaweza, mara chache, kujaza damu asidi ya kuua. Lakini glibenclamide, gliclazide, glimepiride, na insulini, hizo zinashusha sukari hata kama hujala kitu. Hazijui kama leo umefunga au umetembea. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililonipata.

Ilikuwa Jumamosi, wiki ya sita tangu niambiwe. Nilikuwa mwanafunzi mzuri ajabu. Asubuhi nilikunywa chai isiyo na sukari na yai moja la kuchemsha, nikameza metformin na glibenclamide. Mchana wateja walikuwa wengi, na ugali nilishaapa kuupunguza, basi nikaupunguza kwa kutokula kabisa. Jioni nikafunga duka, nikasema sipandi matatu, leo ni mazoezi: nikatembea kutoka Kirinyaga Road, nikashika Jogoo Road, mpaka Buruburu. Nilifika shati limeloa na kifua mbele. Pale tunapokaa Jumamosi nilizoea chupa sita au saba. Siku hiyo nikatangaza mbele ya watu kwamba nimeokoka nusu: tatu tu. Nyama ilikuwa bado motoni. Saa ya dawa ikafika, nikameza kidonge cha jioni pale pale, kwa bia.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Kwamba nilianza kubishana na weita juu ya chenji ambayo nilikuwa nimeishika mkononi. Kwamba jasho lilinitoka huku wengine wamevaa jaketi. Kwamba ulimi ulikuwa mzito. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu: mzee siku hizi tatu tu zinamlaza! Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Wakanitia kwenye teksi, wakalipa, dereva akanifikisha getini. Soja wa pale kwetu ni kijana mstaarabu; akaniona sijiwezi, akasema nisimtie Mama Mumo, mke wangu, aibu nikipanda ngazi nikiyumba, akanilaza kwenye benchi kibandani mwake na kunifunika koti lake. Alikuwa ananisitiri.

Saa saba usiku mke wangu akapiga simu kwa mara ya tano, na akiwa dirishani akaisikia ikilia kule chini getini. Ndivyo nilivyopona, kwa simu ambayo sikuwa nimeizima. Alinikuta baridi na nimeloa kana kwamba nimenyeshewa. "Baba Mumo! Baba Mumo!" Siitiki. Kwenye zahanati waliyonikimbiza, aliyekuwa zamu aliinama, akanusa, akainuka. "Mama, huyu ni pombe. Mwacheni alale, asubuhi atakuwa sawa." Mke wangu, ambaye kwa kawaida hapandishi sauti, alisema maneno ambayo mpaka leo soja huyarudia kwa wapita njia: "Mpime sukari kwanza, halafu ndiyo uniambie amelewa."

Mashine ikasoma 1.9. Chini ya 4 tayari ni hatari.

Walinitundikia maji ya sukari nikafungua macho, nikauliza nyama imeiva. Kabla ya alfajiri sukari ikashuka tena. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, na pombe nayo huendelea na kazi yake saa nyingi baada ya chupa ya mwisho, hata mpaka siku ya pili. Nilitoka pale Jumapili saa tisa mchana.

Nilielezwa baadaye hivi. Usiku usipokula, ini ndilo linalokulisha: lina akiba ya sukari, na akiba ikipungua linatengeneza nyingine. Likiletewa pombe, huiacha kazi ya kutengeneza sukari likashughulika kuitoa ile sumu kwanza. Wakati huo huo kidonge kinalikamua kongosho litoe insulini, misuli iliyotembea kilomita kadhaa inavuta sukari ijaze ghala lake, na tumboni hamna kitu. Sasa hesabu: nilipunguza wanga, nikapunguza pombe, nikatembea, nikameza dawa. Amri zote nne. Hakuna hata moja niliyoivunja! Nilizitekeleza zote siku moja, kwa dozi iliyopangiwa mtu anayekula ugali mara mbili na kupanda matatu. Hakuna aliyeniambia kwamba ukibadilisha maisha, dozi nayo lazima iangaliwe upya. Nami sikuuliza.

Kwa hiyo uliza. Uliza hivi hivi: "Daktari, nikianza kutembea na kupunguza chakula, hizi dawa zibaki hivi?" Badilisha jambo moja, pima wiki nzima, kisha ongeza la pili. Usijikatie dozi mwenyewe pia, wala usiruke dawa ili upate kunywa. Kuna jamaa zetu wanaoacha vidonge Ijumaa na kuvirudia Jumatatu, na wanaona ni akili.

Ukiamua bado utakunywa kidogo, na daktari hajakukataza kabisa, kipimo kinachotajwa sana ni kinywaji kimoja kwa siku kwa mwanamke na visizidi viwili kwa mwanamume, na bia yetu ya nusu lita inazidi kinywaji kimoja. Hakuna kuzilimbikiza za wiki nzima uzinywe Jumamosi. Kula kabla, chakula cha kweli chenye wanga: githeri, ndengu na chapati moja, viazi vitamu. Mutura na kachumbari si chakula cha kukulinda. Pima kabla ya kulala, na ikiwa iko chini kuliko kawaida yako, kula kitu.

Mfukoni weka glukosi ya unga au sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho, njaa ya ghafla au kuona watu wote wanakukosea, kunywa hiyo sukari, vijiko vidogo vitatu au vinne kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, ngoja dakika 15, pima tena, kisha kula. Ile soda isiyo na sukari haitakuokoa, na chokoleti inachelewa kwa sababu ya mafuta. Ukiwa umezirai, asikumiminie mtu kitu mdomoni. Akulaze ubavu na kutafuta gari.

Na waambie watu. Hili lilikuwa gumu kwangu kuliko kuacha zile chupa nne. Mwambie mmoja mezani, si wote. Wote watafanya kikao na kila mtu atakuja na dawa ya shangazi yake. Mwambie pia soja. Wa kwetu sasa anajua: mzee akija anayumba, kwanza piga simu juu.

Raundi ni mtego. Anayenunuliwa hujiona mdeni, na deni hulipwa kwa kunywa. Mimi hufika nimekula, natoa pesa ya raundi yangu mapema, na mbele yangu naweka maji ya soda yenye ndimu. Hakuna anayeuliza tena. Lakini usikimbie bia ukaangukia soda. Chupa ya mililita 300 ina gramu zipatazo 32 za sukari, kama vijiko vinane vya chai. Vinywaji vya kimea visivyo na kilevi navyo usome kibandiko.

Muratina, busaa na vya kupimiwa kwenye kikombe, hujui nguvu yake wala kilichomo, basi utahesabu nini? Na mtu wa steji mwenye chupa ya mitishamba ya "kumaliza sukari", mpe salamu na upite.

Viatu: nunua jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na usivae vya mitumba vya Gikomba kabla hujapitisha mkono ndani kutafuta msumari. Sukari huua neva za miguu, na pombe huua hizo hizo. Macho yapimwe kila mwaka. Meno pia. Sigara sitaki hata kuizungumzia.

Mazishi, harusi na Desemba za ushago vina hatari ya aina yake, kwa sababu chakula huchelewa na pombe haichelewi. Beba kitu cha kutafuna njiani. Dawa ziwe za siku zote pamoja na tatu za ziada, maana magari hukwama Naivasha na Mtito Andei bila kukuomba ruhusa. Insulini isikae kwenye dashibodi juani. Stripi nazo huharibika kwa joto, na zina tarehe ya mwisho, angalia. Na begi la dawa likae miguuni pako, si kwenye buti.