Wanaojenga apatimenti karibu na bahari, someni hii kabla ya kuweka dekingi ya WPC

Wadau, hizi mbao za kompoziti za sakafu ya nje (ndo WPC hizo), yaani unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, nazikubali sana kwa balkoni na ruftopu za apatimenti, hasa Masaki, Mbezi Beach au kule Nyali, maana mchwa hawazitaki na hutamwita fundi wa vanishi kila mwaka, we ni brashi laini na maji ya sabuni basi. Ila mafundi wengi wanazibananisha kama mninga, na hapo ndo shida inapoanza. Plastiki ikipata jua inatanuka, kwahiyo kichwa cha ubao na kichwa wacha nafasi kama milimita 5 hivi (angalia karatasi ya kiwanda, kila aina ina kipimo chake), ukutani wacha zaidi kidogo, usipofanya hivyo mchana tu unaona sakafu imeinuka. Boriti za chini zisizidi sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, ziwe za alumini, klipu na skrubu ziwe stenlesi kwasababu chumvi ya bahari inakula chuma cha kawaida haraka mno, na zege la chini liwe na mteremko maji yatoke. Rangi chagua ya mwanga, nyeusi saa nane mchana inaunguza miguu ya watoto jamani. Na kwa ghorofa ndefu ulizia kwanza uwezo wake wa kuhimili moto, maana zinaungua hizi, England tangu 2018 wamezuia vifaa vya ujenzi vinavyoshika moto kwenye balkoni za majengo ya makazi ya mita 18 kwenda juu.