Kumlea mtoto kwa vyakula vya mimea pekee: vitafunwa, vyombo na mambo ya kuangalia

Mzazi aliyeamua kumlea mtoto wake bila nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali hana haja ya kuanzia kwenye rafu za maboksi ya kutoka nje. Meza ya mama anayeuza kunde, choroko, karanga, ufuta na matembele ina karibu kila anachohitaji mtoto huyo. Nasema karibu, kwa sababu kitu kimoja hakipo pale, nacho ndicho cha kushughulikia kabla ya kingine chochote.

Kitu hicho ni vitamini B12. Hakuna mmea unaoitoa kwa kiasi cha kutegemewa, na mtoto anayeikosa kwa muda mrefu hupungukiwa damu, hudumaa, na mishipa yake ya fahamu huweza kuharibika kiasi cha kutorekebishika. Kwa hiyo apewe matone au vidonge vya B12, kwa dozi itakayopangwa na daktari au mtaalamu wa lishe kulingana na umri wake. Mama anayenyonyesha naye, kama hali vyakula vya wanyama, anapaswa kuitumia, maana maziwa yake hayawezi kubeba kile ambacho mwili wake hauna. Nyumbani itumike chumvi yenye madini joto, na mtoto apate jua.

Niseme wazi kwamba umri wa miezi 6 hadi 23 ndio mgumu kuliko wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka watoto wa umri huo wapate chakula kitokanacho na wanyama kila siku, hivyo mzazi anayekwenda njia nyingine asiende peke yake. Amnyonyeshe mtoto maziwa pekee hadi miezi 6, aendelee kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, na asikose siku ya kliniki, kwa kuwa mstari wa uzito kwenye kadi ukianza kulala, huo ni wito wa kumwona mtaalamu mara moja. Tui la nazi, pamoja na utamu wake, si maziwa ya mtoto. Lina mafuta mengi na protini kidogo.

Tatizo jingine ni udogo wa tumbo. Vyakula vya mimea hujaza haraka, na mtoto hushiba kabla hajapata nguvu ya kutosha. Wazee wetu walilijibu hilo kwa kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike juani hadi ukauke vizuri, kisha uusage. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea ukoroge, nao utalegea wenyewe bila kuongezewa maji. Urudishe jikoni uchemke tena, halafu ongeza kijiko cha siagi ya karanga isiyo na sukari. Maharage na kunde navyo vilowekwe usiku na maji yake yamwagwe, kwani hapo madini ya chuma na zinki hufyonzwa kwa urahisi zaidi.

Chuma cha mimea huhitaji pia kuandamana na vitamini C: ndimu juu ya maharage, chungwa, pera au embe baada ya mlo. Chai hufanya kinyume chake. Nyumbani kwetu tulikuwa na mazoea ya kumpa binti yetu chai ya rangi pamoja na chakula cha mchana. Tuliiondoa kabisa mezani, na mahali pake sasa pana juisi ya ubuyu.

Kitafunwa anachokipenda kuliko vyote tunakitengeneza pamoja. Tunakaanga ufuta kikombe kimoja kwenye kikaango kikavu, kwa moto mdogo, hadi uanze kurukaruka na kunukia. Tukichelewa kidogo tu, unakuwa mchungu. Anautwanga kwenye kinu kidogo huku nikitoa kokwa za tende vikombe viwili, tunazitia tende humo humo, anaendelea kutwanga mpaka vishikane, kisha tunaongeza vijiko viwili vya unga mweupe wa ubuyu, si ule wa kukolezwa rangi na sukari. Tunaviringisha vibonge vidogo. Ubuyu haupikwi, ili vitamini C yake isipotee. Siku nyingine ni kiazi kitamu cha kuchemsha, mahindi ya kuchoma au parachichi lenye ndimu.

Karanga na korosho nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa hofu ya kupaliwa, zisagwe. Zichambuliwe pia punje kwa punje, na zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au kuota ukungu zitupwe, kwani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haimaliziki kwa kukaangwa.

Kuhusu vifaa, ununuzi uwe mdogo. Nepi za kitambaa zilizofuliwa na kuanikwa juani hutumika tena hata kwa mdogo wake, khanga iliyochakaa hukatwa vitambaa vya kufutia, na dodoki huogeshea vizuri, ila likaushwe kila mara na kubadilishwa likianza kunuka. Sabuni iwe ya mafuta ya nazi au ile ya mwani inayotengenezwa na akina mama wa Zanzibar. Sabuni nyingine hutokana na mafuta ya ng'ombe, hivyo uliza kabla ya kununua. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki bado imejaa kwenye mikoba ya shule. Nunua kopo moja la steli lenye mfuniko unaobana, vibonge vikae upande mmoja na tunda upande wa pili, na umfundishe mtoto kulifungua mwenyewe kabla hajaondoka nalo.