Mbegu, wateja na mvua: kukokotoa na kuchora mitawanyo ya uwezekano kwenye lahajedwali

Mama mmoja mkulima wa alizeti kutoka Bahi alinunua mbegu akaambiwa zinaota 9 katika kila 10. Kabla ya kuzipeleka shambani akahesabu 10, akazikunja kwenye kitambaa chenye unyevu, akasubiri. Zikaota 7. Akanipigia simu: "Mwalimu, nizirudishe dukani au nipande tu?"

Tangu hapo swali lake ndilo ninaloanzia kila ninapofundisha takwimu, kwa sababu wastani peke yake hauwezi kulijibu. Wastani unasema tungetarajia 9. Hausemi kama kupata 7 ni jambo la kawaida au ni dalili kwamba mbegu ni mbovu. Kinachosema hivyo ni mtawanyo wa uwezekano, yaani matokeo yote yanayoweza kutokea, kila moja na fungu lake, mafungu yote yakijumlishwa yanafika 1.

Fomula nitakazoandika hapa zinafanya kazi kwenye Excel ya kuanzia 2010, kwenye LibreOffice Calc ambayo ni ya bure, na kwenye Google Sheets, hata ya simuni. Jambo moja la kuangalia mapema: kama kompyuta yako imepangwa kuandika desimali kwa mkato (0,9 badala ya 0.9), basi ndani ya fomula tenganisha vitu kwa nukta mkato (;) badala ya mkato. Watu wengi hukwama hapo wakidhani wamekosea hesabu.

Mbegu za Bahi

Vijana wengi wa vyuo vya hapa Dodoma wanaoniletea tafiti zao huanza kwa kuuliza, "Nitumie fomula gani?" Mimi huwaomba waanze na namna jambo lenyewe linavyotokea. Hapa tuna idadi ya majaribio inayojulikana, mbegu 10. Kila mbegu ina matokeo mawili tu, kuota au kutoota. Uwezekano wa kuota ni uleule kwa kila mbegu, na mbegu moja kuota hakuibadilishi jirani yake. Masharti hayo manne yakitimia, huo ni mtawanyo wa bainomia.

Fungua lahajedwali tupu. Kwenye seli B1 andika 0.9, kwenye B2 andika 10. Kuanzia A5 kushuka hadi A15 andika 0, 1, 2 mpaka 10. Kisha kwenye B5 andika:

=BINOM.DIST(A5,$B$2,$B$1,0)

Iburute hadi B15. Alama ya dola inaifunga seli isihame unapoburuta. Ukiisahau, mstari wa pili utasoma B3 badala ya B2 na kila kitu kitaharibika. Kwenye C5 andika fomula ileile, ila namba ya mwisho iwe 1 badala ya 0, nayo uiburute.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa kazi yote, na naomba uielewe vizuri kabla ya kuendelea. Ukiweka 0 unauliza: kuna uwezekano gani wa kupata idadi hii hasa? Ukiweka 1 unauliza: kuna uwezekano gani wa kupata idadi hii au pungufu? Kwenye mstari wenye 7 katika safu A, safu B itakupa 0.0574 na safu C itakupa 0.0702. Namba zinakaribiana lakini maswali ni tofauti kabisa. Mama wa Bahi hakuwa anauliza kuhusu 7 peke yake. Kama 7 zinamtia shaka, 6 au 5 zingemtia shaka zaidi. Kwa hiyo swali lake ni la safu C.

Hakikisha pia jumla. =SUM(B5:B15) lazima itoe 1. Isipotoa 1 kuna mstari umeruka au dola imesahaulika. Na usishtuke ukiona B5 imeandikwa 1E-10. Maana yake ni 0.0000000001, uwezekano kwamba mbegu nzuri 10 zote zigome kuota.

Sasa jibu. Hata kama muuzaji anasema kweli, takribani mara 7 katika kila majaribio 100 ya namna hii utapata mbegu 7 au pungufu. Hilo si haba. Nilimwambia mama asimtuhumu mtu kwa jaribio la mbegu 10, bali aongeze mbegu. Uzuri wa lahajedwali ndio huu: badilisha B2 iwe 20, refusha safu A hadi 20, buruta fomula zote mbili hadi mstari wa 25. Angalia mstari wenye 14 katika safu A, ambao ni asilimia 70 ileile. Safu C inasema 0.0113. Asilimia haijabadilika, lakini ushahidi umekuwa mzito mara sita. Kwa 14 kati ya 20, ningezirudisha dukani.

Tuchore. Kwanza rudisha B2 iwe 10 na ufute mistari ya 16 hadi 25. Kwa kitu kinachohesabika moja moja, tumia chati ya nguzo, si ya mstari, kwa sababu hakuna mbegu 7 na nusu na mstari ungemdanganya msomaji kwamba ipo. Chagua B5 hadi B15 peke yake, nenda Insert, chagua nguzo zilizosimama. Ukichagua A na B kwa pamoja, mara nyingi Excel huichora safu A nayo kama data, na nguzo zake ndefu zinazifunika za kwako. Namba za A ziingize baadaye: bofya chati kwa kitufe cha kulia, chagua Select Data, kisha hariri majina ya mhimili wa mlalo na uoneshe A5 hadi A15. Punguza nafasi kati ya nguzo ili umbo lionekane kwa ujumla wake. Utaona nguzo zimerundikana kulia, kwenye 9 na 10, na mkia mwembamba unaelekea kushoto. Badilisha B1 kuwa 0.5, nguzo zinahamia katikati na pande mbili zinalingana. Fanya hivyo mara kadhaa kwa thamani tofauti. Kuona umbo likisogea kunafundisha kuliko ukurasa mzima wa maelezo yangu.

Mtawanyo huohuo unajibu swali jingine la msimu: niweke mbegu ngapi kwenye shimo? Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja ina mashimo karibu 18,000. Tuseme mbegu zako zinaota 7 kati ya 10. Ukiweka mbili kwa shimo, =BINOM.DIST(0,2,0.7,0) inatoa 0.09, yaani mashimo kama 1,620 yatabaki matupu. Ukiweka tatu inatoa 0.027, mashimo 486 hivi. Sasa linganisha gharama ya mbegu za ziada, na kazi ya kupunguzia miche, na gharama ya mapengo. Ila kumbuka lile sharti la nne. Maji yakituama kwenye shimo, mbegu zote tatu huoza pamoja, na hesabu hii haitakuwa na maana mahali hapo.

Wateja wa wakala

Wakala wa fedha kwa simu pale Majengo hana "idadi ya majaribio". Anajua tu kwamba kwa kawaida anapata, tuseme, wateja 4 kwa saa. Wanaweza kuja 0, wanaweza kuja 9. Matukio yanayokuja bila kupangana, kwa kasi isiyobadilika, yana mtawanyo wa Poisson, uliopewa jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson aliyeuandika mwaka 1837. Unahitaji namba moja tu, wastani:

=POISSON.DIST(A5,$B$1,0)

Weka 4 kwenye B1, na safu A ianze 0 ifike 12 hivi. Hapa safu A haina mwisho wa asili, kwa hiyo acha pale ambapo safu B imekuwa ndogo isiyoonekana kwenye chati. Utaona 3 na 4 zina nguzo sawa, 0.1954 kila moja. Chora nguzo kama mwanzo.

Swali lenye faida kwake ni hili: kuna uwezekano gani wa kupata wateja 8 au zaidi ndani ya saa moja, foleni ikamshinda? Fomula ni =1-POISSON.DIST(7,4,1), jibu ni 0.0511, takribani saa moja katika kila 20. Tazama kwamba nimeandika 7. Nane inatakiwa ibaki upande wetu, hivyo tunaondoa 7 na chini yake. Ukiandika 8 umewatoa wateja wanane kwenye swali lako mwenyewe.

Na kama anataka kujua muda wa kukaa bila mteja, tumia =EXPON.DIST(0.5,4,1), ambayo inatoa uwezekano wa mteja kufika ndani ya nusu saa. Itoe kwenye 1, unapata 0.1353, uwezekano wa nusu saa nzima kupita kimya.

Kabla ya kuamini yote haya, chukua daftari la wiki chache, andika idadi ya kila saa, kisha linganisha AVERAGE na VAR.S. Kwenye Poisson wastani na tofauti mraba (kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika, ndicho VAR.S inachokokotoa) hulingana. Siku ya mnada au mwisho wa mwezi mishahara ikitoka, tofauti mraba itapaa mbali juu ya wastani. Hizo ni kasi mbili tofauti zilizochanganywa, zitenganishe.

Mvua

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, ukianzia Kongwa, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Sababu zilikuwa nyingi, mitambo na udongo unaokauka ukawa mgumu zikiwamo, lakini mvua ilikuwa mojawapo: ilitazamwa juujuu, ikakosekana. Ninapowafundisha watu wa Kongwa na Mpwapwa, huwa nasimama hapo muda mrefu. Wastani wa mvua haulishi mtu. Mkulima anaishi na mwaka mmoja mmoja.

Dodoma hupata takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa zoezi hili nitachukua wastani 570 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi miaka inavyoachana na wastani) 130. Hizi ni namba za kujifunzia, wewe weka za kituo chako ukitumia AVERAGE na STDEV.S. Jumla ya mvua ya mwaka hutokana na mvua nyingi ndogo zilizojumlishwa, na jumla za namna hiyo mara nyingi hukaribia mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele.

Uwezekano wa mwaka kupata chini ya milimita 400:

=NORM.DIST(400,570,130,1)

Jibu ni 0.0955, karibu mwaka mmoja katika kila 10. Kwa kati ya 500 na 700, toa ya 500 kwenye ya 700, unapata 0.546. Ila fomula ninayoipenda kuliko zote ni ile inayogeuza swali: =NORM.INV(0.2,570,130) inatoa 461. Yaani katika kila miaka mitano, tarajia mmoja wenye mvua chini ya milimita 461. Anayepanga kulima mahindi asipange kwa 570. Apange kwa 461, kisha aone kama mtama au uwele haumfai zaidi.

Kuchora kengele ni tofauti na nguzo. Kwenye A2 andika 180, kwenye A3 andika =A2+10, buruta hadi ufike 960, ambayo iko A80. Hiyo ni mikengeuko mitatu kila upande. Kwenye B2 andika =NORM.DIST(A2,570,130,0) na uburute. Chagua safu zote mbili, Insert, kisha chati ya nukta yenye mstari laini.

Kileleni utaona 0.00307, na hapo ndipo wanafunzi huniuliza: yaani uwezekano wa kupata wastani ni mdogo hivyo? Hapana. Kwa kitu kinachopimwa, urefu wa mstari si uwezekano. Uwezekano ni eneo lililo chini ya mstari. Jithibitishie: =SUM(B2:B80)*10 inatoa karibu 0.998, na kinachokosekana kiko kwenye mikia tuliyoikata.

Ili eneo hilo lionekane, ongeza safu C: =IF(A2<=400,B2,0). Chora safu B na C kwa chati ya eneo, majina ya mlalo yatoke safu A, C uipake rangi nyekundu. Kipande chekundu upande wa kushoto ndicho ile 0.0955. Nimeona wazee kwenye kikao cha kijiji wakiielewa picha hiyo bila kusomewa namba hata moja.

Usiitumie kengele kwa mvua ya siku moja moja, wala kwa miezi ya kiangazi. Siku nyingi ni sifuri na chache zina mvua kubwa. Kengele itakuambia kuna uwezekano wa mvua pungufu ya sifuri, na ukiona hivyo ujue umechagua mtawanyo usiofaa.

Ukitaka kuzoesha jicho, andika =BINOM.INV(10,0.9,RAND()) kwenye seli 200. Kila seli ni mkulima mmoja aliyejaribu mbegu 10 nzuri. Hesabu kwa COUNTIF wangapi walipata 7 au pungufu, kisha bonyeza F9 na uone namba ikicheza. Itazunguka karibu na 14, mara 9, mara 18. Kwa mvua, =NORM.INV(RAND(),570,130) kwenye seli 30 inakupa miaka 30 ya kubuni. Tafuta miaka miwili iliyofuatana yenye mvua chini ya 461, uone inavyojitokeza mara kwa mara.